Mwasagamola

Saa nane usiku, Tukuyu. Mvua inapiga bati la kituo cha chai.
Nimeliita faili la mizani lijimwage kiooni lilivyo:

42 Ambilikile Mwaijande
27 Tumpe Kajigili
19 Lugano Mwasagamola

kisha mashine ikalia, ti! ti! kama paka aliyekanyagwa mkia,
maandishi yakawa mekundu, kishale kikatoweka,
na nilipoandika jina langu
vikatoka vijiti na pembe, ua lililobomolewa na ng'ombe.

Mzee Kabuka, mlinzi, akachungulia, koti linachuruzika.
"Fundi, imepagawa?"
Imetii, nikamwambia.
Waya wa mizani umenywa maji tangu masika yaanze,
unaropoka, na ndani ya kuropoka mna herufi zisizo na sura.
Hazichapwi. Zinaamuru.
Saba: lia. Nane: rudi nyuma hatua moja.
Ishirini na saba: tega sikio, yajayo si maneno.
Kioo hakimjui mropokaji. Kikiambiwa, kinafanya.

Nikaandika neno la kukirejesha, bila kuliona.
"Mbona huandiki kitu?"
Naandika, mzee.
Kikatulia.

Mwasagamola.
Ukoo huo sijausikia, si Rungwe, si Busokelo.

Baba alikuwa mpiga chapa wa boma.
Kengele kwanza, kisha mkono wake ukisukuma kile chuma kulia,
na karatasi ikipanda mstari mmoja.
Siku karatasi ilipogoma kupanda
maneno yalikaa juu ya maneno, weusi mtupu,
na bwana shauri akajua palipoharibika.

Kwenye kioo hakuna weusi.
La pili hulila la kwanza na kuketi pale, safi,
kama ndilo lililozaliwa hapo.

Nikalifungua faili upya, herufi zote uchi.
Kumi na tatu ilikuwa imekaa peke yake, rudi mwanzo,
bila mwenziwe wa kusema shuka:

31 Subilaga Mwasomola
19 Lugano Mwasaga

Jumatatu alisimama dirishani, maji yanamtiririka mgongoni.
"Jina lako halipo, mama," karani alisema,
na hakusema uongo, alisoma alichokiona.

Nimechukua penseli.
Thelathini na moja, nimeandika, kwenye daftari la mistari,
na chini yake, polepole, jina zima.
Mzee Kabuka ananimulikia tochi
ingawa umeme upo.