Mita Tisa

Famau aliuliza huku kashika koleo,
tumeketi darini, Mkomani, jua likitutoboa visogo,
paneli imelala kando yetu kama mkeka wa kioo:
"Mjomba, umeme huenda kasi gani?"

Upi? nikamwambia.
Kuna habari, na kuna mwenye kuibeba.

Mtoto akizaliwa huku kwetu
Langoni washajua ni mume au mke
kabla mkunga hajanawa mikono.
Nani aliyekimbia? Hakuna.
Mdomo umesukuma sikio, sikio likawa mdomo,
kila mtu barazani kwake, viatu kavivua.
Hiyo ndiyo kasi unayoiona ukibonyeza swichi.

Lakini elektroni yenyewe, kile kichembe,
ndani ya shaba huruka huku, huruka kule,
hugonga, hurudi, hugonga tena,
kwa mbio ambazo risasi ingeziona haya,
na baada ya pilikapilika zote hizo
imesogea
unene wa unywele.

Nikachukua penseli, nikaandika kwenye chokaa ya ukuta
(mama angenigombeza):
taa ya wati sita, nusu ampea,
waya wa milimita mraba moja na nusu.
Nikagawanya. Famau akahesabu sifuri, akapotea, akaanza upya.
Milimita moja
kwa sekunde arubaini.
Konokono angeipita, kisha akarudi
kuiuliza kama i mzima.

Kutoka betri hii hadi chumba cha chini
ni mita tisa. Nazijua, nilizipima kwa mkono wangu
siku nilipomwekea mama taa.
Mita tisa ni saa mia.
Siku nne na saa nne.

Penseli ikanivunjikia.

Maana Jumatatu ile, saa nne za usiku,
mama alisema, "Ndoo. Washa taa, niwaone."
Nikabonyeza. Akatuona,
mmoja mmoja, hata wewe Famau
uliyejifunga pazia ukidhani hulii.
Alfajiri hakuwa nasi.

Taa hatukuizima. Nani angethubutu?
Ikawaka Jumanne ya maziko,
ikawaka juzuu zikigawiwa, kahawa ikizunguka,
mchana paneli ikiilipa betri deni la usiku,
ikawaka Ijumaa ya hitima hadi majamvi yakakunjwa
na sufuria za kuazima zikarudi kwa wenyewe.

Kumbe ile elektroni iliyotoka betrini
kidole changu kilipobonya
ilikuwa bado njiani.
Ilifika saa nane, usiku wa kuamkia Jumamosi,
kitanda kishatandikwa shuka jingine.
Ikakuta chumba.

"Basi nani aliyemwangazia bibi?"

Zilizokuwa pale pale.
Waya haujawahi kuwa mtupu, Famau.
Umejaa tangu haujafungwa,
kama kichochoro kilichoziba punda ukuta kwa ukuta:
wa nyuma akisukumwa, wa mbele anatokeza.
Swichi haimleti mgeni.
Swichi huwaambia wenyeji: haya.

Nilidhani ataniuliza jingine.
Akaikaza skrubu ya upande wa hasi
zaidi ya inavyotaka,
akafuta mikono kwenye kikoi, akashuka ngazi
bila kuruka vidato, kinyume na ada yake.

Nikainama juu ya kiwanda cha ndani.
Dirisha la mama likapata rangi
kabla mlio wa swichi haujapanda hadi kwangu.

Nikatazama saa.
Alhamisi. Saa tisa na robo.