Walinda Wiketi Wawili

Jumanne na Ijumaa, saa nne kila kikao,
mashine hutuosha damu katika wodi ya New Amsterdam.
Nje ya dirisha mto Berbice, rangi ya chai iliyosahauliwa.
Kusimama hatuwezi. Basi tunachagua timu.

Kanuni ni za Osric, aliyekuwa karani wa forodha:
asiwemo yeyote aliyecheza baada ya kuja televisheni,
maana tukishaona kwa macho, asema, ubishi umekwisha.
Zamu kwa zamu. Ukishamtaja mtu, umemtaja,
kama ndoa, kama deni kwenye daftari la muuza duka.

Mimi ndiye mwandishi,
nyuma ya boksi la dawa ya presha, kwa mkono usio na sindano.

Osric alianza na Clairmonte Bovell wa Barbados,
gongo lake limefungwa uzi wa fundi viatu,
aliyesimama siku mbili na nusu bila kutolewa
hadi mwamuzi akaomba kiti.
Doodnauth akacheka mpaka mashine yake ikapiga kelele.
Yeye akamnyakua Tyrell Mapp,
ambaye mpira wake, yasemwa, ulisikika kabla ya kuonekana.
"Yasemwa na nani?"
"Na waliokosa kuuona."
Mimi nikamchukua Mirza Qadir wa Lahore:
mpira wake uligusa ardhi
ukabadili kauli, kama shahidi aliyehongwa.

Tukagombana kuhusu mikimbio sitini
iliyopigwa juu ya matope, uwanja haukufunikwa,
kama inalingana na mia za siku hizi za nyasi za kunyolewa.
Muuguzi Yonette akatuambia tushushe presha.

Zamu ya saba, Doodnauth alikawia.
"Namchukua Sukhdeo."
Sukhdeo yupi?
"Mjomba wangu. Mkata miwa."

Wageni wa ng'ambo walikuja kufanya mazoezi kwenye uwanja wa shamba,
wakataka mtu wa kuwarushia, yeyote tu, wapashe mikono moto.
Akaitwa na panga lake.
Aliangusha vijiti vya nahodha wao mara tatu kabla ya chai,
wakampigia makofi, wakamrudisha kwenye miwa,
na Jumamosi akakatwa nusu siku kwa utoro.

"Hayumo kitabuni," akasema Osric.
"Ndiyo sababu bado yuko huru. Hakuna aliyemchagua."

Karani alitazama dari muda mrefu.
"Andika," akaniambia.
Nikauliza jina linaandikwaje.
Doodnauth hakujua. Kila karatasi ya mshahara
ilikuwa na herufi zake.

Ijumaa, kiti chake kilikuwa na shuka jipya.

Hatukusema kitu. Osric alichagua wake, mimi wangu,
kisha ikafika zamu ya mtu wa tatu,
na sisi, wajinga wawili wenye mipira kifuani,
tukangoja.

Yonette alikuwa akibana mrija wangu.
Kriketi haijui; anajua tu jina
ambalo bibi yake alimpa jogoo mkorofi.
"Mwekeeni Lascelles Prout," akasema, bila kuinua macho.

Prout ni mlinda wiketi.
Doodnauth tayari alikuwa naye Gomes.
Nikamwona Osric akifungua kinywa,
nikaiona sheria ikipanda mpaka kwenye meno,
ikageuka, ikashuka.

Nikaandika.

Hivyo timu yake ina walinda wiketi wawili,
wamechuchumaa bega kwa bega nyuma ya vijiti,
wakisukumana viwiko, wakiombana radhi,
na kutoka upande wa kiwanda anakuja Sukhdeo,
viganja vyake bado vinanata utamu wa miwa.

Imebaki nafasi moja kwa kila mmoja, na dakika arobaini.
Zamu yako, Osric.
Usijifanye umelala.