Gramu ya Kumi

Machi, Tartu. Theluji imeoza kando ya njia,
na changarawe waliyoimwaga watu wa manispaa tangu Novemba
inapanda na viatu, ngazi hadi ngazi,
mpaka maabara yetu ya orofa ya tatu.
Hatulalamiki. Tunaizoa kwa kijiko,
tunaipima gramu kumi, tunaimwaga tena sakafuni
kusudi, kama watoto watundu.
Roboti ikipita, tumboni mwake tunakuta tisa.

Raivo ameandika ubaoni: yuro moja na senti arobaini.
Ndiyo bei ya kihisi. Kimoja tu.

Nilianza na sikio:
kibamba cha shaba, upana wa kifungo cha koti,
kimekaa kooni mwa mashine, penye njia ya upepo.
Changarawe ikipita, ta, ta-ta, ta,
kila chembe inabisha hodi.
Nilikipenda hapohapo, sifichi.
Lakini unga ulipita kama mwizi mwenye soksi,
na manyoya ya mbwa wa Ahti, konzi nzima,
yakapita, kibamba kikaapa pametakata.

Nikajaribu mwanga: taa huku, jicho kule,
kinachokatiza katikati kinahesabiwa.
Unga liliuona. Manyoya liliyaona.
Baada ya wiki mbili halikuona ila vumbi lake lenyewe
lililoganda kwenye kioo,
na roboti ikazunguka palepale, palepale,
kama mtu anayenawa mikono baada ya ugomvi.

Basi kamera, akasema Ahti.
Kamera ikakiona kivuli cha mguu wa kiti,
ikakifagia dakika nane.
Tena macho hayana pazia: nani anataka jicho
linalotambaa uvunguni mwake usiku?

Jumamosi nikampelekea bibi yangu Hilja ile yenye sikio.
Ikanguruma jikoni kwake, ikapiga kengele ya kumaliza,
ikarudi kwenye chaja yake, imeridhika.
Bibi akavua soksi.
Akatembea toka jiko hadi dirishani,
huku ananisimulia bei ya viazi,
wala hakutazama chini.
Akasimama. “Hapa,” akasema.
Nikapiga magoti na tochi:
tone la jemu lililokauka,
dogo kuliko kichwa cha kiberiti.

Jumatatu nikaandika: kibamba.
Sababu: rahisi, hakichoki, hakimchungulii mtu.
Udhaifu: unga, manyoya, kila kinachopita kimya.
Raivo akatia sahihi bila kukaa.

Unyayo sikuuandika.
Haumo kwenye orodha ya bei ya mtu yeyote,
na hauji kwa boksi la elfu elfu.
Ila wenzangu walipokwenda kula
nilivua viatu chini ya meza,
nikavuka maabara, taratibu,
na karibu na mlango, chini ya kidole gumba,
nikaikuta ile gramu ya kumi.