Zima Kwanza Kiyoyozi

Shemeji Mundhir kaingia kwangu Al-Khuwair, Ijumaa baada ya sala,
na kisanduku cheusi cha kukaa kiganjani
na spika za masikioni za riali mia tatu na kumi,
bei kaitaja mara mbili kabla hajavua viatu.
CD zangu, asema, ni maiti katika sanda ya plastiki.
Sauti ya siku hizi unaipakua nzima, nyama na mifupa:
biti ishirini na nne,
sampuli elfu tisini na sita kwa sekunde,
na anazitamka kama mshenga anayetaja mahari
ya mtu mwingine.

Mie nikasema: haya. Tupime.

Cha kupimia tunacho. Ganuni ya marehemu baba yake,
dakika sita, peke yake, studio ya Ruwi.
Ninayo kwenye CD tangu mwaka niliomuoa dada yake.
Yeye kainunua tena juzi, faili nono,
kwa warithi wa ile studio.
Mtu kununua vidole vya babake mara ya pili!
Hilo sikulisema.

Binti yangu Ghalya ndiye kadhi.
Kasawazisha sauti kwa kipimo cha simu,
maana chenye kelele zaidi, kasema,
hushinda siku zote, mnajua wenyewe.
Katufunga macho kwa vilemba vyetu,
karusha baisa hamsini:
upande wa jambia faili, upande wa nambari CD.
Mara kumi. Na msinong'onezane.

Ya kwanza nikaapa ni faili: nyuzi zina umande.
Ya pili nikaapa ni faili: umande umezidi.
Ya tatu nikaanza kujisikiliza nikisikiliza,
na hapo kila kitu kikaharibika,
kama mtu anayewaza namna ya kumeza mate.

"Mnasikiliza nini," kauliza Bi Thuwaiba,
"na lile dudu linanguruma juu ya vichwa vyenu?"

Kiyoyozi.
Miaka kumi na tisa tumelala chini yake,
hatukujua kuwa kila wimbo wa nyumba hii
una mpigaji mmoja wa ziada.

Tukazima. Nje nyuzi arubaini na sita,
na hizo si za ganuni.
Kimya kikatuangukia kizito kama godoro lililoloa,
na ndani yake, jasho likitutona puani,
mtu akavuta pumzi kabla ya kurudi kwenye ubeti,
na kiti, chini yake, kikalia: kwi.

Mundhir karuka, kilemba machoni:
"Mmesikia! Mmesikia! Hiyo haimo kwenye CD!"

Ghalya kanyamaza kidogo.
"Hiyo ndiyo CD, mjomba."

Bi Thuwaiba kacheka mpaka kahawa ikamwagika.
"Kiti changu cha jikoni kile. Kibovu.
Nilimwambia asiende nacho.
Kaenda nacho, na hakukirudisha."
Kisha hakucheka tena,
akaomba irudiwe pale pale penye kwi,
na hakuuliza inatoka wapi.

Mimi nilipata tano. Mundhir sita.
"Sita si tano," asema.
"Sarafu nayo ingepata tano," asema Ghalya,
"na haina masikio."
Tukamfunga macho yeye, wa miaka kumi na sita,
ambaye bado husikia vile vitu vyembamba
vilivyotuhama sisi tulipoanza kuvaa miwani.
Saba.
Tukatazamana. Saba ni nini?
Ni kweli changa, au ni bahati iliyooga?
"Turudie mara mia," kasema, "ndipo tujue."
Hakuna aliyekuwa na jasho la mara mia.

"Washeni, tunaiva."

Likanguruma, likameza pumzi, likameza kiti,
cha faili na cha CD, bila kubagua.

Mundhir kaondoka na CD yangu mfukoni.
Ya kulinganishia tu, kasema, nyumbani, kwa utulivu.
Huu mwezi wa pili.