Damu Nzito

Maabara ya Torreón hufunguliwa saa moja asubuhi.
Nazario hajala tangu jana magharibi,
na hilo peke yake lilitugharimu usiku mzima:
mlango wa friji ukifunguliwa, ukifungwa,
mama yake akikohoa kizani kumwonya.

Ana miaka kumi na mmoja. Kilo sabini na nane.
Mshipa umejificha, na muuguzi Itzel
aliupapasa kwa kidole
kama mtu atafutaye swichi ukutani usiku.
Aliupata mara ya tatu. Mtoto hakulia.
Alinitazama mimi.

Baadaye Itzel alinionyesha kichupa
kilichokwisha kuzungushwa kwenye mashine:
chini wekundu, kama wa mtu yeyote;
juu, palipotakiwa maji ya manjano, maangavu,
palikuwa na tui.
Tui la kwanza, lile zito.

"Mafuta haya," alisema, "hayakai bure.
Yanajisiriba kwenye kuta za mishipa, tabaka kwa tabaka,
na damu yenyewe imeanza kuwa na haraka ya kuganda.
Si leo. Sisemi leo."
Akaandika *lehemu*, akapigia mstari mara mbili.

Mimi ni dereva. Nasambaza soda,
maduka arobaini kutoka hapa hadi Gómez Palacio,
na kiangazi, bomba la mtaa wetu likikohoa hewa tupu,
hakuna duka linalonirudisha na mzigo.
Kila Jumamosi kampuni hunipa kreti ya bure.
Nazario alikuwa akinipokea getini mbio.
Enzi hizo alikuwa na mbio.

Shangazi zangu walimfinya mashavu: "Amenawiri!"
Babu yangu, mchuma pamba,
alizikwa mbavu zake zikihesabika.
Kwa hiyo nilifurahi. Niseme kweli, nilifurahi.

Damu nzito kuliko maji.
Nimelisema hilo harusini, nimelisema msibani,
nikijipiga kifua.
Sikujua kwamba hupimwa.

Tulipotoka aliuliza kama sasa anaruhusiwa kula.
Nikasimama mbele ya lori, funguo mkononi,
nikashindwa kumfungulia mlango.
"Tutembee."
"Mpaka wapi?"
Sikuwa nimefikiria mpaka wapi.

Kwenye kona ya pili alianza kuhema.
Nikajifanya kamba ya kiatu imelegea,
nikainama, nikaifungua, nikaifunga,
nikaifungua tena,
hadi pumzi yake ikamrudia.