Kinyumenyume

Mkaguzi wa magari pale Skellefteå, kijana wa ndevu nyekundu,
aliandika mstari mmoja tu:
taa za rivasi haziwaki. Mwezi mmoja.
Nikamwambia, mwanangu, hili ni Volvo la sabini na saba,
mimi mwenyewe nina kasoro zaidi ya hiyo.
Hakucheka.

Basi Jumamosi tukawasha hita ya gereji, mimi na Melker wa jirani,
ana miaka kumi na sita, anadhani
kila kitu huugulia kwenye kompyuta.
Hapa hakuna kompyuta, namwambia.
Hapa kuna umeme uliotoka kwenye betri na unataka kurudi kwao;
kazi yetu ni kujua nani kauzuia.

Tukaanza na fyuzi, maana uvivu nao una hekima yake.
Nzima. Niliizungusha kwa kidole, ikalia kwikwi.
Melker akakanyaga klachi, akaingiza gia:
giza.
Tukachomoa globu, nazo hazina neno.
Tukapiga msasa pale erthi inaposhika bodi,
kutu ikamwagika juu ya viatu vya Sixten
ambavyo siku hizi navaa mimi, kwa soksi mbili.
Giza.
Taa ya kupimia nikaigusisha kwenye tundu la globu,
haikupepesa hata kidogo.
Hapo nikajua ugonjwa uko mbali na kidonda.

Nikalala chali juu ya kadibodi, kikongwe wa miaka sabini,
giaboksi ikinidondoshea oili shingoni,
nikachomoa nyaya mbili za swichi
nikaziunganisha kwa kibanio cha nywele.
"Vipi?"
"Bado, Gunvor."
Swichi haina hatia. Umeme unafika hapa, unaondoka hapa,
kule haufiki.

Tukakunja zulia, tukaufuata waya
kama mtu afuatavyo nyayo za sungura kwenye theluji,
chini ya kiti, kando ya mlango, mpaka ndani ya buti,
na huko, nyuma ya paneli,
ulikuwa umeachana.
Haukukatika. Uliachanishwa.
Dume huku, jike kule,
kila ncha imevalishwa plasta,
plasta za kisanduku cha jikoni kwangu,
kona zimekunjwa kwa unadhifu ninaoujua.

"Mjinga gani kafanya hivi?" akauliza Melker.

Nilikuwa nahesabu.
Themanini na moja. Zamu za usiku, kiwanda cha kuyeyusha shaba.
Ylva mchanga, usingizi wake mwepesi kama ngozi ya maziwa.
Uwanja wetu mwembamba: alfajiri aliingia kinyumenyume
chini ya dirisha la chumba, gizani,
shingo nje, akiusikilizia ukuta.
Mara mbili aligonga pipa. Nikamcheka, Sixten, macho yako!
Akasema, ndiyo, macho.

Kwa hiyo kila ukaguzi uliporudi aliziunga.
Akishapewa karatasi, akazitenga tena.
Mpaka juzi juzi, kabla ya moyo wake.
Lakini Ylva alihamia Malmö mwaka wa tisini na tisa.
Chumba kile, tangu hapo,
alikuwa akilala nani?

Nikabandua plasta. Gundi ilikuwa bado inashika.
Dume ndani ya jike: tik.
Tukalisukuma gari nje, mkia ukielekea nyumba,
saa tisa mchana na jua limeshazama.
Usiguse gia mpaka nikuite, nikamwambia,
nikapanda ngazi na viatu vya oili,
jambo ambalo sijamruhusu mtu maishani,
nikafungua dirisha kidogo,
nikalala na koti upande wangu wa kitanda,
nikafumba macho.
"Haya!"

Mwanga ukaingia wote, mweupe,
ukapita katika kope.

Kweli, ningeamka.