Pia ya Goti

Kiswahili kilijua kabla yangu:
kile kifupa kinachoteleza juu ya goti
tumekiita pia,
jina la kichezeo nilichokizungusha Kuze
kwa kamba ya katani,
kikilia wuuu juu ya saruji
mpaka mama akatoa kichwa dirishani.
Pia huzunguka, huyumba, hulala.
Ningekuwa makini
ningeusoma udaktari wote palepale uchochoroni.

Miaka thelathini na miwili nimefungua magoti.
Ya wachezaji mpira wa Majengo, ya mabinti wa magongo,
na bega la mrusha mkuki mmoja wa polisi
aliyelala mezani akinisihi nisimnyoe kwapa.
Nimeshika keekee, nyundo, msumeno mwembamba,
na shemeji yangu seremala huniuliza kila Idi
kwani sisi wawili tunapishana wapi.
Mbao, namwambia, hazipigi simu usiku.

Lakini niulizeni habari za sindano.

Mwaka wangu wa pili kazini. Jumamosi, fainali, Mbaraki.
Chumba cha kubadilishia nguo kinanuka dawa ya kuchua
na maganda ya machungwa.
Mwachiro Nyanje, winga wa kushoto, miaka kumi na tisa,
goti limefura kama hamri.
Katibu wa timu akafunga mlango kwa kisigino.
"Dakika tisini tu, daktari. Mtie ganzi."
Nami nilikuwa kijana, nataka kuitwa tena.
Nikamtia.

Alifunga bao dakika ya themanini na moja.
Dakika ya themanini na nne nilisikia,
kutoka benchi, ngoma zikirindima,
nasema nilisikia, kano ikikatika
kama uzi kati ya meno ya mshonaji.

Mficha maradhi, wamesema, kilio humfichua.
Hawakusema neno juu ya anayemsaidia kuficha.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa hapana.
Hapana kwa makatibu, hapana kwa makocha,
hapana kwa baba mmoja wa Kisauni
aliyenijia na kuku watatu, wamefungwa miguu.
Hapana kwa Nyevu Chizi, mlinda lango,
aliyeihesabu miezi yake tisa kwa chaki
ukutani mwa chumba cha mazoezi,
na mwezi wa saba akaitwa timu ya taifa.
Akanitazama. Nikasema, bado.
Akaenda mwenzake.
Nyevu hakunisalimia mwaka mzima.
Siku hizi anapanda ngazi za kwake mbilimbili,
na mtungi wa gesi begani.
Hakuna ampigiaye makofi mtu anayepanda ngazi.

Mwachiro anakaanga viazi karai Mwembe Tayari.
Analizunguka karai lake kwa mguu mmoja na nusu.
Nikipita hunifungia vya shilingi hamsini,
huongeza ukwaju,
pesa yangu haigusi.
Juzi nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia,
ile sindano, Mwachiro, haikuwa dawa.
Akageuza kiazi. Akageuza cha pili.
Mteja akadai pilipili, akapewa.

"Lile bao," akasema, "wewe ulilionaje, daktari?
Mimi nililifunga nikiwa sisikii mguu.
Uwanja mzima ulilisikia, ila mimi.
Nihadithie."

Nikasimama mbele ya moshi wa mafuta,
daktari mzima wa mifupa,
karatasi ya viazi inanilowa mkononi,
nikameza mate, nikaanza:
mpira ulitokea kulia, chini chini,
ukagonga kisiki cha nyasi, ukainuka,
nawe ukaunyooshea mguu ule ule,
ukaondoka ukizunguka,
ukizunguka, Mwachiro,
kama pia.